Siku Niliyokwama Jukwaani na Mama Mkwe

Bora niwaambie mwenyewe, kwa sababu Chacha ameshaanza kuisambaza hapa Migori, na hadithi ikikaa kwa Chacha hunenepa, juzi nimemsikia akiwaambia wale mafundi wa plasta kwamba suruali yangu ilipasuka kuanzia mguuni mpaka kwenye kola, sasa nielezeni ni suruali gani hiyo yenye kola. Ni kweli ilipasuka. Ni kweli pia kwamba mama mkwe wangu alikuwepo, na kanisa zima, na kwaya, na mkaguzi wa majengo kutoka Homa Bay akiwa na maikrofoni mkononi. Siwezi kuificha aibu hiyo, imeshaonekana na watu wengi mno, lakini angalau iachwe na ukubwa wake wa haki.

Wakati huo nilikuwa msimamizi wa mjengo wa kanisa pale Kisegi, nyumbani kwao Akinyi, mke wangu (mimi kwetu ni Muhuru Bay), na nilikuwa nimetoka Homa Bay kwenye mafunzo ya kufanya kazi juu ya skafoldi, lile jukwaa la mabomba na mbao, bila kuua mtu, nikarudi na cheti, helmeti nyeupe, jaketi ya kijani inayong'aa, na ugonjwa wa kutoa amri. Kabla ya hapo nilikuwa fundi kama mafundi wengine, napanda kwa mabomba kama tumbili na kandambili mguuni, lakini cheti kilinibadilisha. Nikawa mtu wa kuzunguka jukwaa kila asubuhi mikono nyuma, nagongagonga vibano kwa nyundo huku nimeinamisha sikio kama daktari, naangalia kama mabomba yamekanyaga vipande vya mbao yasizame udongoni, kama jukwaa limefungwa kwa ukuta, kama sakafu ya juu imejaa mbao bila pengo, kama reli ya kumzuia mtu asianguke iko mahali pake. Aliyekuja bila helmeti alirudi nyumbani. Na ngazi, jamani, ngazi ndiyo ilikuwa dini yangu: ifungwe juu, ishikwe chini, na kazi ikisimama, yeyote atakayeikuta imeegemea jukwaa bila mtu aitoe aifungie stoo, asiulize wala asingoje, kwa sababu siku ya soko mlevi akiona ngazi hudhani ni ile ya kwenda mbinguni.

Chacha aliipenda sana sheria hiyo. Mnamjua, ni Mkuria wa huku karibu na mpaka, mfungaji wa skafoldi hodari, na ukimpa amri huiweka moyoni kama kiapo. Wenzake waliniita Sefti, yaani Bwana Usalama. Walidhani wananitania, kumbe mimi nililipenda hilo jina, hata simu nikawa naipokea hivyo.

Sasa ninyi ambao si Wajaluo lazima niwaeleze kidogo kuhusu maro, yaani mama mkwe, la sivyo mtacheka mahali pasipostahili. Kwetu, mtu na maro wake hukaa mbali kwa heshima. Hamketi benchi moja, humkazii macho mkiongea, huli mbele yake ukajilamba vidole, na kumgusa ndiyo usiseme. Akitaka kitu, hakuamrishi, anakitaja tu kwa upole na wewe unakwenda kukileta. Maro wangu anaitwa Mama Dorina. Ameuza samaki maisha yake yote, ana sauti iliyozoea kushindana na injini za boti, ana mabega ya mtu aliyebeba makarai ya samaki tangu ujana, na ndiye mwenyekiti wa akina mama wa kanisa. Katika miaka yote ya ndoa yangu nilikuwa sijawahi kumwambia neno hapana. Sikuwa hata na hakika mdomo wangu unaweza kulitamka akiwepo.

Wale akina mama ndio waliosimamisha ukuta wa mbele wa lile kanisa. Walibeba mchanga, walibeba maji, walipikia mafundi, walichanga. Kwa hiyo kanisa likaamua ukuta uandikwe, kule juu kabisa kwenye pembetatu inayobeba paa, kwa herufi nene za saruji: ZAWADI YA AKINA MAMA. Nikasema hiyo kazi nitaifanya kwa mkono wangu mwenyewe, maana ni heshima ya mkwe. Nikaimaliza Jumamosi jioni jua likizama, nimechoka, peke yangu, kisha herufi zikafunikwa. Kitambaa cheupe kilitundikwa upande wa nje wa jukwaa, kikaficha ile sakafu ya juu yote, ili Jumapili kwenye ibada ya shukrani mgeni avute kamba kishuke na watu waone.

Mgeni mwenyewe ndiye yule mkaguzi wa Homa Bay, na kulikuwa na jambo lingine ambalo watu walikuwa wakinong'ona: baada ya kanisa kulikuwa na mpango wa kujenga shule, na mkaguzi akiridhika na jinsi mjengo wetu unavyoendeshwa, msimamizi wa mjengo wa shule atakuwa mimi. Mnaelewa basi kwa nini asubuhi hiyo nilivaa suti, nikavaa jaketi inayong'aa juu ya suti, nikavaa helmeti juu ya yote, na chini viatu vyangu vyeusi vya ncha, vile vyenye soli laini kama sabuni. Nilizungushia jukwaa kamba nyekundu, mbali kidogo na miguu ya jukwaa, nikatundika kibao cha kukataza watu wasivuke. Nikasimama kando. Nilionekana, nadhani, kama mlingoti wa simu uliobatizwa.

Halafu wageni wakaja wengi kuliko viti.

Akinyi akanijia, ametumwa na mama yake. Akina mama waliotoka mbali wamesimama juani, na kule juu kuna mbao zimelala bure. Nikamweleza kwa sauti ya cheti kwamba ubao wa jukwaa si benchi, kwamba sakafu ya jukwaa ni kitu kimoja, ukitoa ubao umetoa sakafu. Akinyi akanisikiliza mpaka nikamaliza, halafu akauliza kwa utaratibu, "Nikamwambie mama hivyo?"

Hapo ndipo nilipopotelea, hata siku ilikuwa haijapata joto. Nikawaza, ni ubao mmoja tu, wa pembeni, na leo hakuna anayepanda, na kesho asubuhi naurudisha kabla mafundi hawajanawa uso. Nikapanda, nikauchomoa ule wa ukingoni upande wa nje, mpana, mzuri, ukawekwa juu ya matofali chini ya hema na akina mama wakaukalia wakanishukuru. Wenye kupamba waliponiona nimelegeza mkono nao wakaja: kitambaa kinanasa kwenye reli, mgeni akivuta hakitashuka vizuri, na je, reli haiwezi kutolewa kwa hizi saa chache? Nikaona nikishatoa ubao, kukatalia reli ni unafiki. Nikaitoa. Ona jinsi dhambi zinavyoongozana, moja inamshika mwenzake mkono.

Kwaya ilipokuwa inapasha sauti, Mama Dorina akaja mwenyewe. Alivuka kamba yangu nyekundu kama anavuka kizingiti cha jikoni kwake. Akasimama ubavuni mwangu, macho yake yakiwa kwenye ukuta na yangu yakiwa kwenye viatu, akasema (tuliongea Kijaluo, nawatafsiria) kwamba kuna mtu wa kwaya alipita Jumamosi jioni akanikuta namalizia, na huyo mtu anasema kuna neno moja halikumkalia vizuri. Angependa kuona. Nikamwambia, mama, ataona kitambaa kikishuka. Akasema kikishuka kila mtu ataona, na jambo la kuonwa na kila mtu ni vizuri mwenyewe awe amelitangulia. Nilitafuta kosa kwenye hayo maneno na sikuliona. Nikasema, lakini mama, juu ni pa hatari. Akasema kwa upole ule ule kwamba amezaliwa ziwani, mbao zinazotikisika hakuanza kuzijua leo.

Nikampa helmeti yangu. Akaiweka juu ya kitambaa chake cha kichwa cha sare ya kanisa, ikakaa vizuri kuliko ilivyonikaa mimi, na kwa kuwa ilikuwa moja, mimi nikapanda kichwa wazi, mimi Sefti. Yeye alikuwa amevaa raba. Nilitangulia, yeye akafuata, na niliomba kila kipago cha ngazi kisimwonyeshe soli za viatu vyangu kwa karibu sana.

Juu kulikuwa kimya, kitambaa kikipumua polepole kwa upepo wa ziwa, sisi tuko katikati ya kitambaa na ukuta kama nguo kwenye sanduku. Nikakaa upande wa pengo ili yeye awe upande salama, hilo angalau nililifanya. Mama Dorina akasogea kwenye herufi. Ukiwa karibu hivyo, herufi kubwa hazisomeki kwa mara moja, kwa hiyo alizisoma moja moja akizifuata kwa kidole, midomo ikitembea. Akafika mwisho. Akarudi mwanzo. Halafu bila kunigeukia akasema, "Ora, hii zawadi tulipewa na nani?"

Ora maana yake ni mkwe wangu, ndivyo anavyoniita. Nikasoma na mimi. Pale mbele yangu, kwa mkono wangu mwenyewe, kwa saruji yenye mchanganyiko mzuri kabisa, nilikuwa nimeandika ZAWADI KWA AKINA MAMA. Wao waliobeba mchanga mpaka shingo zikaingia mabegani, mimi nimewaandika kama watu waliosaidiwa. Na neno lenyewe nilikuwa nimelisugua kwa brashi likang'aa.

Yeye hakungoja jibu. Aliuliza kama saruji imekauka. Nikagusa, nikasema bado ni changa, inakwanguka. Akasema basi ikwanguliwe. Mwiko wangu ulikuwa kule kule juu ndani ya karai, nikapiga magoti nikaanza na ile K, naikwangua taratibu, vumbi likiingia kwenye suti, na kwa kuwa kwaya ilikuwa imeanza kuimba kwa spika zote, hatukusikia chochote.

Ndipo Chacha alipopita. (Usinikatize, Chacha, wewe umeshasema mengi.) Alipita ubavuni mwa kanisa akielekea kwenye masufuria, akaona ngazi imeegemea jukwaa, hakuna mtu anayeishika, leo ni Jumapili, kazi imesimama. Hakuuliza wala hakungoja. Aliibeba begani, akaifungia stoo, akatia ufunguo mfukoni na kwenda kula, roho yake nyeupe kabisa.

Mama Dorina ndiye aliyegundua. Alitaka kushuka awahi nafasi yake mbele, akaenda pembeni, akachungulia, akarudi, akaniambia ngazi haipo kama vile mtu anavyosema chumvi imeisha. Nilitambaa nikaangalia na mimi, na nilijua papo hapo ni nani aliyeichukua na kwa sheria ya nani. Simu yangu alikuwa nayo Akinyi, nilimpa apige picha wakati mgeni atakaponisifu. Simu ya Mama Dorina ilikuwa kwenye mkoba wake, na mkoba ulikuwa umekalia nafasi yake mbele, kwa hiyo kila aliyeuangalia alijua mwenye mkoba yu karibu. Nikasema nitashuka kwa mabomba. Akasema miguu yangu itaonekana chini ya kitambaa ikining'inia mbele ya wageni, na zaidi ya hayo nitamwacha yeye huku juu peke yake kama kuku kwenye paa. Nikasema nitapiga kelele. Wakati huo mchungaji alikuwa ameanza kuomba, na Mama Dorina akaniuliza kama nataka kumpigia Mungu kelele katikati ya maombi. Tungoje, akasema. Watu watatuhitaji, watatutafuta.

Basi tukangoja. Yeye aliketi juu ya mbao, mimi, kwa kuwa siwezi kuketi bega kwa bega na maro na ubao ambao ungenipa nafasi ya kusogea ulikuwa umekaliwa na wageni wake chini ya hema, nilichuchumaa juu ya bomba la ukingoni kama ndege aliyeumia. Alifungua kitambaa alichofunga kiunoni akatoa njugu, akala, akanisogezea chache juu ya ubao bila kunitazama, na mimi nikazitazama tu zile njugu, maana siwezi kutafuna mbele yake, na nilikuwa sijanywa chai. Ibada iliendelea. Ushuhuda ulitolewa. Mimi nikarudi kwenye herufi, afadhali nikwangue kuliko kukaa nikitazama njugu, nikaingia kwenye ile W, nikawa nafikiria jinsi ya kuifanya iwe Y.

Halafu mkaguzi akapewa nafasi ya kusema. Nilisikia kila neno, spika zilikuwa chini yetu tu. Alisema amezunguka mijengo mingi kando ya ziwa na amechoka kuzika mafundi. Alisema leo amefurahi. Ameona kamba, ameona kibao, na ameona jambo dogo ambalo wengi hulidharau, kwamba kwenye jukwaa lile hakuna ngazi iliyoachwa, hata siku ya sherehe, na kwamba msimamizi anayekumbuka ngazi siku ya sherehe ni mtu wa kuaminiwa na watoto wa watu. Akaomba msimamizi huyo asimame. Hakuna aliyesimama. Akaomba tena. Nikasikia sauti ya Akinyi ikisema ametoka kidogo. Watu wakapiga makofi hivyo hivyo, na huko juu Mama Dorina, kwa mara ya kwanza katika ndoa yangu yote, aligeuza uso akaniangalia machoni. Nilitamani aseme kitu.

Kwenye mpango wa siku, kitambaa kilikuwa cha kushushwa mwisho kabisa. Lakini mgeni alikuwa na safari ya kurudi Homa Bay, kwa hiyo mchungaji, akijaribu kuwa mwungwana, akasema tusimcheleweshe, avute sasa.

Kikashuka vizuri sana. Hakikunasa popote, reli haikuwepo.

Nataka mwone walichoona. Mbele yao, kule juu, mwenyekiti wa akina mama ameketi miguu imenyooshwa, helmeti nyeupe kichwani, njugu mkononi. Kando yake mkwe wake kwa suti iliyojaa vumbi, mgongo kwa watu, mwiko juu, anabomoa ukuta wa kanisa. Na juu yetu sote maandishi, maana K ilikuwa imeshaondoka na nilikuwa sijafika mbali na W: ZAWADI WA AKINA MAMA, Kiswahili chetu cha ziwani kabisa, kimeandikwa kwa saruji.

Nilishtuka nikasimama, nikageuza shingo kuwaangalia watu, nikarudi nyuma hatua moja, na hiyo hatua nikaikanyagia pale ambapo asubuhi kulikuwa na ubao.

Hapa sicheki, na hata Chacha akifika hapa huacha kutia chumvi. Mguu ulipita mpaka pajani, suruali ikachanika kwa sauti iliyosikika mpaka kwa kwaya, na mwili ukaendelea kwenda, ukainama upande wa nje, upande wa reli, na mkono wangu ulipoitafuta ile reli ulishika hewa. Niliona ardhi. Niliona mawe ya msingi yaliyobaki, nikayajua moja moja. Mwiko uliniponyoka, ukaenda chini ukizunguka, ukajikita kwenye udongo ndani ya kamba nyekundu, mahali ambapo isingekuwa ile kamba wangekuwa wameketi watoto wa shule ya Jumapili. Hilo ndilo jambo moja nililolifanya sawa siku hiyo, na sikulijua mpaka baadaye. Kisha kitu kikanikamata mgongoni, jaketi ikanikaba shingo, nikakoma kushuka.

Alikuwa Mama Dorina. Alikuwa ameachia njugu, ameshika bomba kwa mkono mmoja na jaketi yangu kwa mkono wa pili, ule mkono wa makarai ya samaki, na alikuwa ananivuta kama wavu mzito. Katika hali ile, nawaapia, mimi nilitafuta mahali pa kumshika nisianguke, na akaniambia kwa sauti ya chini, imara, "Shika bomba, usinishike mimi."

Nikashika bomba. Akanivuta mpaka tumbo likalala juu ya mbao. Mguu mmoja uliendelea kuning'inia chini, umevuliwa kabisa, na kaptura yangu ya ndani, ya rangi ya machungwa (Akinyi ndiye hununua), ikawa inapeperushwa na upepo mbele ya kanisa.

Hakuna aliyecheka. Hicho ndicho kilichoniumiza. Kisha mkaguzi, maikrofoni bado iko mdomoni, nadhani alikuwa amesahau kama anayo, akauliza taratibu kwenye spika zote, "Kwani ngazi iko wapi?"

Na kutoka kule kwenye masufuria, mtu mmoja akasimama na sahani mkononi, amefurahi kwamba hatimaye anaulizwa jambo analolijua, akajibu, "Niliitoa, Sefti. Iko stoo, nimefunga."

Hapo ndipo walipocheka. Walicheka mpaka hema likatikisika, wanaume wawili watatu wakakimbia kuanza kupanda kwa mabomba waje kutuokoa, na mimi, nimelala kifudifudi, mguu uko nje, nikajikuta nawakataza kwa sauti kwamba hakuna kupanda bila helmeti. Mama Dorina aliniambia ninyamaze. Nikanyamaza.

Ngazi ilipokuja kukazuka jambo jipya. Nani atangulie kushuka? Maro akitangulia, mkwe yuko juu ya kichwa chake, vibaya. Mkwe akitangulia, maro yuko juu yake na mkwe yuko chini anaangalia ngazi, vibaya zaidi. Wazee wa upande wa Akinyi walikusanyika chini wakalijadili kwa utulivu kama mpaka wa shamba, mmoja akapendekeza iletwe ngazi ya pili, na Mama Dorina akawasikiliza kwa muda halafu akaamua mwenyewe. Akaniambia nishuke kwanza, mguu mbovu na yote, na nikifika chini niangalie ziwa. Nikashuka nimeshikilia suruali kwa mkono mmoja (kosa lingine, kwenye ngazi ni mikono yote), nikafika chini, nikageukia ziwa, na nikaendelea kuliangalia kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kwa sababu lilikuwa ndilo pekee lisiloniangalia.

Mkaguzi hakunifokea. Aliniita kando, akauliza ubao ulio pungufu uko wapi, na kabla sijajibu akina mama waliokuwa wameukalia wakasimama wote kwa pamoja kama wimbo wa taifa umepigwa. Akatikisa kichwa. Akasema kazi isimame mpaka jukwaa lifungwe upya na alikague mwenyewe, akanirudishia maneno yangu ya cheti moja baada ya lingine, kwa upole, na akaondoka kwenda Homa Bay bila kula. Shule ilijengwa na msimamizi mwingine. Ni nzuri, nimeipita.

Kwa wakwe nako kulikuwa na kikao, maana kuna waliosema kwamba maro akimshika mkwe lazima pafanyike kitu, labda kuku, labda zaidi. Mama Dorina aliwajibu kwamba yeye alishika jaketi, na jaketi hakuiozesha binti yake. Kikao kikaisha. Neno lenyewe nililirekebisha wiki hiyo, baada ya jukwaa kukaguliwa, na yeye alisimama nje ya kamba akinisomea herufi moja moja kutoka chini kama mtoto wa chekechea anavyosomewa, Y, kisha A, na hakuondoka mpaka nikaosha brashi.

Muda mfupi baadaye nilihamia huku Migori, nikamchukua na Chacha, kwa sababu mtu anayetii hivyo nimeona ni afadhali awe karibu nami ninapoona anachotii. Na nimejifunza, kwa kuchelewa. Sheria zangu zote nilikuwa nimewawekea watu ambao ningeweza kuwafukuza. Sikuwa hata na moja ya yule nisiyeweza kumkatalia, na kumbe ni kwa ajili ya huyo ndiyo sheria huandikwa. Mtu akianguka, jukwaa halimuulizi kama aliruhusiwa kwa heshima au kwa uzembe. Basi niliapa: ubao hautoki, reli haitoki, na anayetaka kupanda bila sababu ya kazi hapandi, hata aje na nani.

Kiapo hicho kilijaribiwa mwezi uliopita. Mama Dorina alipiga simu, mfereji wa maji ya mvua kwenye paa lake umeachia, angependa nikienda kumsalimia niupandie niusukume kidogo, ngazi ya jirani ipo ingawa mguu wake mmoja umeoza, na hakuna haja ya kusumbua mtu wa kuishika. Nilifunga macho. Jasho lilinitoka hata mahali pasipo na vinyweleo. Nikamwambia, "Hapana, mama."

Akaaga vizuri, akakata simu. Jioni akamwambia Akinyi kwamba Migori imeniharibu, nimeanza kuwa na kiburi. Niliposikia nilifurahi sana, mpaka Akinyi akaniuliza nacheka nini.